Kiti cha Selimundu

Saa kumi na moja alfajiri, Lemuel Gaither alishuka kwenye basi karibu na majengo ya Bunge mjini Washington, akajitazama kwenye kioo cha kituo, akanyoosha tai, kisha akavuka barabara kwenda kusimama nyuma ya watu wawili. Hiyo ikawa nafasi ya tatu. Aliweka kikombe cha kahawa kwenye ukingo wa ukuta, akafunga vifungo vya koti, akaanza kazi.

Kazi yake ilikuwa kusimama. Makampuni ya dawa na ya vifaa vya hospitali yalikuwa na watu wao, waliolipwa kuzungumza na wabunge, na watu hao walipenda kukaa ndani ya chumba cha kamati wakati muswada unajadiliwa. Viti vya wananchi vilikuwa vichache, na aliyewahi ndiye aliyekaa. Sasa mtu mwenye suti nzuri hawezi kusimama kando ya barabara tangu alfajiri, kwa hiyo alikodi mtu wa kumshikia nafasi. Milango ikikaribia kufunguliwa, mwenye suti alifika, mshika nafasi akainua kadi yenye jina lake, wakabadilishana. Hakuna sheria iliyokataza jambo hilo. Wabunge wenyewe waliwapita kila asubuhi na kuwasalimia.

Lemuel alikuwa mstaafu wa posta, na aliichukulia kazi hii kama alivyochukulia ile ya kwanza. Alikuja amenyoa, viatu vinang'aa. Vijana walioanza kazi waliletwa kwake awafunze, naye aliwaambia mambo matatu: usilale sakafuni, usile kitu chenye harufu, na nafasi uliyoshika si yako. Hilo la tatu alilirudia. Mwaka uliopita alisababisha kijana mmoja afukuzwe kwa kumpa dada yake nafasi ya mteja. Kijana alilia. Lemuel alimpa leso, lakini hakubadilisha maneno yake.

"Mzee Gaither, leo umevaa kama unaenda kuoa," alisema Dewey, aliyekuwa nafasi ya pili.

"Na wewe umevaa kama umetoka kuachwa."

Dewey akacheka, akavuta kofia yake ya sufi hadi kwenye nyusi.

Milango ya jengo ilipofunguliwa waliingia, wakapita kwenye mashine ya ukaguzi, wakapanda hadi ghorofa ya pili na kujipanga upya kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu ya marumaru, nje ya chumba cha kamati. Muda si mrefu wafu nao wakaingia.

Wafu walianza kuja mwezi Machi, muswada ulipochapishwa. Ulikuwa muswada mnene. Nusu yake ya kwanza ilitoa fedha za utafiti, kila ugonjwa na kifungu chake. Nusu ya pili ilipunguza masharti ambayo makampuni yalipaswa kutimiza kabla ya kuuza dawa au kifaa kipya. Kila ugonjwa ulipotajwa kwenye kifungu, watu wake walikuja. Walipita mlango uleule na mashine ileile ya ukaguzi, ambayo haikulia isipokuwa kwa wale wa polio, waliokuwa na vyuma miguuni. Hao waliombwa kusogea pembeni wakapapaswa kama mtu mwingine yeyote.

Mwanzoni askari wa mlangoni, Pruitt, alitaka kujua kama wafu wanahesabiwa katika idadi ya watu wanaoruhusiwa kukaa chumbani, maana kuna kanuni za moto. Karani wa kamati alisoma kanuni akarudi na jibu. Kanuni zilizungumzia watu waliopo, na hawa walikuwepo. Tangu hapo Pruitt aliwahesabu.

Wafu walikuwa na utaratibu wao pia. Walijipanga kwa tarehe za kufa, na hakuna aliyekubali kuupindisha. Kwa hiyo nyuma tu ya washika nafasi walisimama watu wa polio na kifaduro, ambao magonjwa yao yalishapata chanjo zamani, na vifungu vyao vilikuwa mistari miwili ya kumbukumbu tu. Waliokufa juzi walikuwa mkiani kabisa, karibu na ngazi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupata kiti.

Huko mkiani ndiko alikosimama Renita, binti yake Lemuel.

Renita alifariki miaka miwili kabla, kwenye chumba cha kusubiri cha hospitali moja ya upande wa mashariki wa mji. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni, na usiku huo maumivu yalikuwa yamemshika kwenye nyonga na kifua. Alimwambia nesi wa mapokezi jina la dawa inayomsaidia na kiasi chake, kwa kuwa alikuwa ameyasema hayo maisha yake yote. Nesi aliona msichana mweusi anayejua sana majina ya dawa kali. Akaandika kwamba huenda anatafuta cha kulevya, akamwambia akae asubiri. Renita alikaa, akasubiri.

Kifungu cha selimundu kilikuwa kifupi. Kilitoa fedha za utafiti kwa ugonjwa huo, ambao haukuwa umepewa nyingi, tena kiliilazimisha kila hospitali kumhudumia mgonjwa aliyeshikwa na maumivu ndani ya saa moja. Lemuel alikuwa amekisoma mara nyingi. Alikiona kimeandikwa vizuri.

"Habari za asubuhi, Baba," alisema Renita. Alikuwa amekuja mbele kumsalimia kama alivyofanya kila siku ya kikao.

"Nzuri, mama. Umelala?"

"Baba, mimi ni marehemu."

"Najua. Nauliza tu."

Akamfunga skafu vizuri shingoni. Ukumbi ule ulikuwa wa baridi, na baridi ndiyo iliyomletea maumivu. Kufa hakukuwa kumebadilisha hilo.

Kwa kawaida baada ya salamu Renita alirudi mkiani. Siku hiyo hakurudi. Alisimama akiegemea ukuta, mkono kwenye nyonga.

"Wiki iliyopita walikata kifungu cha ugonjwa wa lupasi," alisema. "Hakukuwa na mtu wao ndani. Leo wanafika kwetu."

Jambo hilo kila mtu ukumbini alilijua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa haya. Miaka kadhaa nyuma alifuta kifungu cha ugonjwa fulani wa watoto, kumbe mama wa mtoto amekaa safu ya mbele, na mama yule hakusema neno, alimtazama tu hadi kikao kikaisha. Tangu siku hiyo mwenyekiti hakukata kifungu kabla ya kuinua macho kwenye viti vya wananchi. Akimwona mtu wa kifungu hicho, aligeuza ukurasa na kutafuta fedha mahali pengine. Asipomwona, alikata. Kwa hiyo kiti kimoja, na mtu mmoja ndani yake, vilitosha.

"Bwana Whitcomb amesema kifungu chenu kiko salama," alisema Lemuel. "Jana hiyo. Amekiona kwa macho yake."

"Bwana Whitcomb si mgonjwa."

Whitcomb ndiye aliyekuwa mteja wake. Alifanya kazi kwa kampuni iliyotengeneza vifaa vya kupandikiza mwilini, na alikuwa mtu wa adabu. Hakupita bila kumwuliza Lemuel hali ya magoti yake. Alimjua Renita kwa jina, akampelekea salamu. Alisema mara nyingi kwamba muswada huu ungemtendea haki binti yule, na Lemuel, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amemsikia mtu wa suti akilitaja jina la mwanawe, alimwamini.

"Nipe nafasi hiyo, Baba," alisema Renita. "Nikae tu, anione. Sitasema kitu."

Lemuel alitazama kadi mkononi mwake.

"Hii si yangu, mwanangu. Nimeishika tu."

"Mzee, mpe mtoto, bwana!" alisema Dewey. "Huyo Whitcomb akikosa kiti atakufa?"

"Na akifa," alisema mzee mmoja wa polio, nyuma yao, "atapanga mstari nyuma yetu."

Washika nafasi wakacheka, na baadhi ya wafu pia.

"Basi wewe mzee mpe yako," Dewey alimgeukia. "Ninyi wa polio mna chanjo tangu bibi yangu yuko shule. Mnataka nini tena humo ndani?"

"Nataka kukaa," alisema yule mzee. "Nimeingoja zamu hii tangu kabla hujazaliwa, kijana. Tena nikimpa huyu, wale mia walio katikati wataniambiaje?"

Wale walio katikati wakaguna kuonyesha kwamba kweli wangekuwa na la kusema.

Lemuel hakucheka. Alifikiri juu ya kijana aliyemfukuzisha kazi, na leso aliyompa. Alifikiri kwamba mtu aliyeishi kwa neno lake hadi uzeeni hawezi kulivunja asubuhi moja kwa sababu limemgusa yeye. Tena kifungu kilikuwa salama, kwa nini kisiwe salama, mtu amekiona jana. Aliyapanga mawazo haya vizuri kama alivyozoea kupanga barua, kila moja kwenye tundu lake, na yalipokwisha kupangika alimwambia binti yake, "Rudi nyuma, mama. Nenda ukashike nafasi yako. Leo mstari unaweza kufika mbali."

"Haujawahi kufika."

"Leo unaweza."

Renita alimtazama kidogo. Kisha akaenda, taratibu, akiushika ukuta, hadi mkiani, ambako marehemu mmoja wa Baltimore alikuwa amemshikia nafasi.

Whitcomb alifika akiwa na mvua mabegani. Lemuel aliinua kadi. Walibadilishana mahali kwa hatua moja, bila kugusana, kama watu waliocheza dansi pamoja miaka mingi.

"Magoti yanasemaje, Lemuel?"

"Yanasimama, Bwana Whitcomb."

"Binti yuko?"

"Yuko kule mwisho."

"Msalimie," alisema Whitcomb, na mlango ukafunguliwa.

Pruitt alihesabu watu kwa kidole. Waliingia wenye suti wote, kisha watu wa polio, kisha watatu wa kifaduro, na hapo akashusha mkono mbele ya kifua cha mwanamke mmoja wa kifua kikuu. Waliobaki waligeukia runinga iliyotundikwa ukumbini.

Kamati ilifanya kazi kwa utulivu. Walipofika kwenye kifungu cha selimundu, mwenyekiti aliweka kalamu chini na kuinua macho. Alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili, akaenda polepole hadi ukutani. Kwenye runinga macho yake yalionekana yamechoka, na ni kweli kwamba alikuwa anatafuta. Kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni alimwona Whitcomb, na Whitcomb alimwinamia kichwa kwa heshima.

Mzee wa polio aliinua mkono. Mwenyekiti alimwuliza ni wa kifungu gani. Mzee, ambaye hakuwahi kusema uongo akiwa hai na hakuona sababu ya kuanza sasa, alisema ni wa polio. Mwenyekiti alimpongeza kwa niaba ya taifa zima. Wajumbe wakapiga makofi, na makofi yalipoisha mwenyekiti akasema wanaokubali kufuta waseme ndiyo.

Mahali pa kifungu kile paliwekwa kingine, kilichoruhusu vifaa vya kupandikiza mwilini kuuzwa baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wachache zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Hicho hakikuhitaji fedha, kwa hiyo hakikuwa na mpinzani.

Whitcomb alipotoka alimkuta Lemuel palepale alipomwacha.

"Pole sana, Lemuel. Hesabu zilikuwa ngumu. Lakini muswada kwa jumla umevuka vizuri."

"Ulisema kiko salama."

"Jana kilikuwa salama," alisema Whitcomb, na hakuwa anadanganya. Alimshika bega, akaenda zake.

Lemuel alitembea ukumbi wote hadi kwenye ngazi. Wafu wa selimundu walikuwa wamekaa sakafuni, wengi wao vijana, maana ugonjwa ule haukuwaacha wazeeke. Renita alikuwa amenyoosha mguu mmoja.

"Mwanangu," alisema.

"Usijilaumu, Baba. Umefuata taratibu."

Lemuel aliinama akamfunga skafu upya.

"Hata yule nesi alifuata taratibu," alisema Renita. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, wala hakumtazama.

Muswada ulipita mabaraza yote mawili ya Bunge na ukatiwa saini mwezi Desemba. Wafu ambao vifungu vyao vilibaki walialikwa kwenye hafla. Katika picha wanaonekana upande wa kushoto, wamebanana kidogo kwa sababu ya maua. Mwaka wa kwanza fedha za utafiti zilitolewa zote. Mwaka wa pili zilitolewa nusu, kwa kuwa sheria iliahidi tu, na kila mwaka Bunge lilipaswa kukubali upya. Mwaka wa tatu zilihamishiwa kwingine. Ile nusu nyingine ya sheria, iliyolegeza masharti, haikuhitaji kukubaliwa upya, nayo ikabaki kama ilivyoandikwa.

Wafu waliokatwa vifungu hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa wamezoea ukumbi ule. Kampuni iliyowaajiri washika nafasi iliona jambo hilo, ikaona pia kwamba wafu hawaendi chooni, hawasinzii, na hawapigiwi simu na shule kwamba mtoto ana homa. Ikaanza kuwaajiri. Dewey aliachishwa kazi majira ya kuchipua, akaenda kuendesha gari la kusambaza mikate. Lemuel aliombwa abaki miezi miwili zaidi ili awafunze wapya, naye aliwafunza yaleyale mambo matatu. Renita alikuwa miongoni mwao. Alisikiliza kwa makini kama wengine.

Alipewa wateja wazuri, kwa sababu alikuwa mvumilivu. Mmoja wao alikuwa Whitcomb.

Januari iliyofuata baridi ilikuwa kali, na washika nafasi hawakuruhusiwa kukaa chini. Lemuel, ambaye sasa hakuwa na kazi, alivaa tai akaenda ofisini kwa meneja wa kampuni ile, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamwambia kwamba binti yake anaumwa nyonga na anahitaji kiti.

"Mzee Gaither," alisema meneja, "unajua ninavyokuheshimu. Lakini wafu hawaumwi."

"Umemwuliza nani?"

"Hakuna utafiti unaoonyesha kwamba wanaumwa."

"Kuna utafiti wowote uliofanywa?"

Meneja alifikiri kwa dhati kabisa. "Hapana," alisema. "Fedha zake zingetoka kwenye kile kifungu kilichofutwa."

Lemuel alishukuru, akachukua kofia yake. Kesho yake alfajiri alikwenda kwenye foleni bila kadi ya mtu. Hakusimama ndani ya mstari, kwa kuwa hakuwa na haki hiyo. Alisimama pembeni yake, kando ya nafasi ya kwanza, ambayo Renita alikuwa ameishika tangu jana yake.

"Egemea," alimwambia.

"Baba, nenda nyumbani. Utachoka."

"Mimi najua kusimama kuliko watu wote hapa. Egemea."

Renita aliweka mkono begani kwake, kisha kichwa, kisha uzito wake wote. Alikuwa mzito kama siku zile Lemuel alipombeba kutoka garini, mguu mmoja ukiburuza. Walisimama hivyo hadi jengo likafunguliwa, wakapanda ngazi pamoja, wakaendelea hivyo ukumbini. Maumivu yalikuja na kupungua, yakarudi tena. Yalipomzidi alimbana baba yake mkono, na Lemuel alihesabu kimya pamoja naye kama walivyofanya alipokuwa mdogo. Hakumwomba msamaha. Alikuwa ameshaomba, na Renita alikuwa ameshamjibu kwamba amesamehe, na nyonga ilikuwa inauma vilevile.

Whitcomb alifika dakika chache kabla ya mlango kufunguliwa. Aliwasalimia wote wawili kwa majina. Aliuliza hali ya magoti, akauliza hali ya nyonga, akasikiliza majibu yote mawili hadi mwisho. Renita aliinua kadi.

Baba na binti walitoka kwenye foleni taratibu, kwa sababu ya ile nyonga, na waliokuwa nyuma wakasogea mbele.